Majadiliano Yasiyo na Mwenyewe

Maelezo yaliyonifundisha kutengeneza pawa saplai za TV za chogo yaliandikwa na mtu nisiyewahi kumwona, kwa ajili ya watu ambao yeye mwenyewe hakuwajua. Ni Mmarekani, Samuel Goldwasser. Miaka ya tisini alikuwa akijibu maswali kwenye kundi la intaneti liitwalo sci.electronics.repair, na alipoona maswali yale yale yanarudi kila mara, akayakusanya pamoja na majibu yake, akayapanga kwa aina ya kifaa: televisheni, deki za video, maikrowevu, leza. Mimi niliyakuta kwenye mgahawa wa intaneti Dar es Salaam, enzi zile mtu analipia kwa saa na kila dakika ina bei yake. Nikayanakili kwenye diski, nikarudi nayo Tanga kwenye banda langu la ufundi. Yalikuwa herufi tupu bila picha, na ndiyo maana sehemu ya televisheni ilienea kwenye diski moja.

Kabla ya kugusa skrubu, maelezo yale yanaanza na uhai wa fundi. Yanaeleza kwamba ndani ya TV ya rangi ya chogo kuna umeme unaoweza kufika volti 25,000 au zaidi, kwamba chogo linaweza kubaki na chaji muda mrefu baada ya plagi kuchomolewa ukutani, na kwamba kapasita kubwa ya pawa saplai nayo inashikilia umeme wake. Kisha yanakuonyesha namna ya kuutoa umeme huo bila kuunguza bodi wala kujiua. Mzee aliyenifundisha kazi alinionya vizuri nisishike hapa wala pale, na nilimtii. Kwenye diski ile ndipo nilipopata sababu.

Nimeanza na Goldwasser kwa sababu nataka msomaji aone matunda kabla ya mti. Kundi alilokuwa akijibu ni moja kati ya maelfu yanayounda Usenet, mfumo wa majadiliano wenye umri mkubwa kuliko wavuti, kuliko Facebook, kuliko WhatsApp. Vijana wengi wanaokuja bandani kwangu hawajapata kuusikia. Hadi leo upo, watu wanauliza na kujibiwa, na mtu wa Tanga, Kisumu au Bukavu anaweza kuingia bila kulipa chochote zaidi ya bando dogo.

Mwaka 1979 wanafunzi wawili wa shahada za juu katika Chuo Kikuu cha Duke, jimbo la North Carolina, walitaka kompyuta za chuo chao zipeane habari na kompyuta za vyuo vingine. Majina yao ni Tom Truscott na Jim Ellis. Marekani wakati huo ilikuwa na ARPANET, mtandao uliogharamiwa na Wizara ya Ulinzi, lakini vyuo vingi visivyo na mikataba na wizara hiyo vilibaki nje. Wao walikuwa na kompyuta zenye mfumo endeshi wa Unix, modemu na laini ya simu. Steve Bellovin, aliyekuwa chuo cha jirani cha Chapel Hill, aliandika programu ya majaribio, na mwaka 1980 wakautangaza mpango wao kwa wenzao wa Unix. Kompyuta moja iliipigia nyingine simu usiku, gharama za simu zikiwa chini, zikapeana ujumbe mpya, zikakata. Sisi tuliozoea kusubiri bando la usiku tunaielewa hesabu hiyo bila kuelezwa.

Utaratibu huo wa kupeana ndio roho ya Usenet mpaka leo. Ukiandika ujumbe, unaupeleka kwenye seva yako. Seva yako inaiambia seva jirani: nina ujumbe wenye namba fulani, unautaka? Jirani akiwa hana, anauchukua, naye anawauliza majirani zake. Kila ujumbe una namba yake ya pekee, hivyo seva haipokei kitu kilekile mara mbili. Kichwani mwa ujumbe pia kuna mstari unaoorodhesha seva ulizopitia, kwa mpangilio. Zamani ujumbe ulichukua siku kadhaa kuzunguka dunia kwa simu za usiku. Mwaka 1986 ukaja mfumo mpya uitwao NNTP, uliowekwa ili habari zisafiri moja kwa moja kwenye intaneti, na tangu hapo kazi ya siku ikawa ya dakika.

Maana yake ni kwamba hakuna makao makuu. Hakuna kompyuta moja yenye Usenet ndani yake, wala kampuni inayoweza kuamka asubuhi ikaifunga. Seva ya Ujerumani ikizimwa, ujumbe ule ule uko Marekani, Uingereza na Japani. Agosti 1991, wakati wa jaribio la mapinduzi mjini Moscow, wataalamu wa mtandao wa Relcom walikuwa wakituma nje taarifa za yanayoendelea mitaani, na taarifa hizo zikaingia Usenet na kusambaa. Waliotaka habari zisitoke walikuwa wameshughulika na vyombo vya habari walivyovijua.

Mwezi huo huo yaliandikwa humo matangazo mawili ambayo dunia nzima inaishi ndani yake sasa. Tarehe 6 Agosti 1991 Tim Berners-Lee, akiwa kwenye kituo cha utafiti cha CERN nchini Uswisi, aliandika kwenye kundi la alt.hypertext kueleza mradi wake wa WorldWideWeb na kuwaalika watu waujaribu. Tarehe 25 Agosti, mwanafunzi wa Helsinki aitwaye Linus Torvalds aliwaambia watu wa comp.os.minix kwamba anatengeneza mfumo endeshi wa bure kama jambo la kujifurahisha, akaomba maoni yao. Mfumo huo ni Linux. Simu ya Android uliyoshika mkononi ina kiini chake ndani. Torvalds hakuitisha mkutano na waandishi wa habari. Aliwauliza watu wenye ujuzi wa jambo lile, mahali walipokuwa wakikutana.

Majina ya makundi yanatisha kwa macho, lakini yanasomeka kwa urahisi ukianza kushoto, penye neno pana, ukaenda kulia penye jambo lenyewe. Sci ni sayansi, electronics ni elektroniki, repair ni utengenezaji. Comp ni kompyuta, rec ni burudani na mambo mtu anayoyapenda, soc ni jamii na tamaduni, talk ni mabishano. Mpangilio huu ulitokana na mabadiliko makubwa ya majina yaliyofanywa mwaka 1987, makundi yalipokuwa yamejaa vurugu. Katika familia hizo kubwa, kundi jipya lilizaliwa kwa kura: hoja inajadiliwa, watu wanapiga kura kwa barua pepe, na kundi linapita likipata theluthi mbili, tena kura za ndiyo zikizidi za hapana kwa 100 au zaidi.

Si kila mtu alifurahia. Brian Reid, mtaalamu wa kompyuta wa California aliyekuwa akisimamia kundi la mapishi, hakupendezwa na mahali lilipopangiwa. Yeye na wenzake wakaanzisha familia yao, alt, ambayo haikuhitaji kura ya mtu. Kundi lake la mapishi likahamia huko. Baadaye alt ikakua kupita zote, ikiwa na mambo ya maana na upuuzi mwingi pamoja. Ugomvi ulioanzia jikoni ukawaachia watu mlango wa kuanzisha kundi bila kuomba ruhusa.

Wenzetu walikuwemo pia. Kabla ya simu janja, Waafrika Mashariki waliokuwa wakisoma Ulaya na Marekani walibishana kuhusu nyumbani kwenye soc.culture.african na soc.culture.kenya. Wakati huo ilikuwa rahisi zaidi kwa mwanafunzi aliyeko ughaibuni kuingia humo kuliko kwa mwalimu aliyeko Tabora, maana intaneti kamili ilikuwa haijamfikia.

Sasa nieleze mambo mawili yaliyouumiza mfumo huu, kwa sababu yanaeleza pia yanayotusumbua kwenye magrupu yetu.

La kwanza ni wingi wa wageni. Kila Septemba vyuo vya Marekani vilipokea wanafunzi wapya, nao waliingia Usenet kwa fujo: wanauliza yaliyokwisha kujibiwa, wanatukana, wanaandika popote. Baada ya wiki chache wenyeji waliwafundisha taratibu, mambo yakatulia. Kuanzia mwisho wa 1993 kampuni za huduma za mtandao, hasa America Online, zikafungulia wateja wao milango ya Usenet, na wageni wakawa wanaingia kila siku, wengi kuliko wenyeji wa kuwafundisha. Watu wakaiita hali hiyo Septemba isiyokwisha. Wengine huisimulia kwa dharau kwa wageni, na hapo sikubaliani nao. Kila fundi aliwahi kuwa mwanagenzi. Kasoro ilikuwa kwamba mlango ulifunguliwa bila mtu wa kupokea.

La pili linatugusa zaidi. Aprili 1994 mawakili wawili wa Arizona, mume na mke, Laurence Canter na Martha Siegel, walituma tangazo moja kwenye makundi zaidi ya 5,000, bila kujali kundi linazungumzia nini. Walikuwa wakiuza huduma ya kuwajazia watu maombi ya bahati nasibu ya Green Card. Ndiyo, Green Card hii hii ambayo matangazo yake yamebandikwa nje ya stesheneri zetu kila msimu wa maombi. Wakati ule kushiriki hakukuhitaji wakili hata kidogo. Mtu aliandika taarifa zake mwenyewe akazituma kwa posta. Watu wa Usenet walikasirika, wakawatumia malalamiko mengi mpaka kompyuta za kampuni iliyowapa huduma ya mtandao zikaelemewa. Lakini mlango ulikuwa umeshavunjwa. Biashara ya kumwaga matangazo kwa watu wasioyataka ilichukua njia hiyo, ikahamia kwenye barua pepe, na sasa iko kwenye ujumbe wa simu zetu. Inafaa Mswahili ajue kwamba moja ya spamu za kwanza kubwa duniani iliwalenga watu kama sisi, watu wenye ndoto ya kuondoka.

Baadaye watu walianza kutumia makundi kupitishia mafaili makubwa, mengi yao ya wizi wa kazi za wengine, na gharama za kuendesha seva zikapanda. Mwaka 2008 kampuni kadhaa kubwa za intaneti za Marekani ziliondoa au zilipunguza huduma ya Usenet. Duke wenyewe, yalikozaliwa mambo haya, walizima seva yao Mei 2010. Google, ambayo ilinunua hazina ya ujumbe wa zamani kutoka kampuni ya Deja mwaka 2001 na kuwawezesha watu kuandika Usenet kupitia tovuti yake, ilifunga mlango huo tarehe 22 Februari 2024. Waandishi wa habari za teknolojia waliandika kama vile wanatangaza msiba. Mimi niliona kinyume. Spamu nyingi zilikuwa zikiingia kupitia mlango ule ule, na ulipofungwa makundi yalisafika. Waliobaki ni wale waliotaka kubaki.

Basi mtu anaingiaje? Nitaeleza njia ninayoitumia mimi.

Chukua kompyuta, hata kuukuu. Weka programu ya Thunderbird, ambayo ni ya bure na inatumika pia kwa barua pepe. Kisha tafuta seva. Mimi natumia eternal-september.org, iliyojipa jina la ile Septemba isiyokwisha. Inaendeshwa kutoka Ujerumani, haitozi chochote, na inabeba maandishi tu bila mafaili makubwa. Unajiandikisha kwenye tovuti yao, wanakupa jina la kuingilia na neno la siri. Ndani ya Thunderbird unafungua akaunti ya makundi ya habari, unaandika anwani ya seva, yaani news.eternal-september.org, unachagua muunganisho uliolindwa kupitia mlango namba 563, unaomba orodha ya makundi. Orodha ni ndefu sana. Usiisome yote, andika neno unalolitafuta kwenye kisanduku, weka alama kwenye kundi, basi.

Ukifungua kundi kwa mara ya kwanza, programu itakuuliza kama ichukue vichwa vyote vya ujumbe au 500 vya karibuni. Chukua 500. Unachopakua ni vichwa tu. Ujumbe wenyewe unakuja ukiubofya. Kwa hiyo bando halina mahali pa kukimbilia. Hakuna video inayojicheza, hakuna tangazo, hakuna mtu anayepima umekaa muda gani kwenye ujumbe upi ili akuuzie kitu. Ujumbe umepangwa kwa nyuzi, jibu chini ya swali, jibu la jibu chini yake, hata kama miezi imepita katikati. Waliozoea jukwaa la JamiiForums watajisikia nyumbani kwa neno uzi, isipokuwa hapa matawi ya uzi yanaonekana wazi: unaona nani anamjibu nani.

Soma kwanza. Kaa wiki mbili tatu ukisoma bila kuandika, umjue nani anajibu kwa vipimo na nani kwa kubahatisha. Kama kundi lina waraka wa maswali yanayoulizwa mara kwa mara, usome wote kabla hujafungua mdomo. Waraka wa aina hiyo ulipata umaarufu kupitia Usenet, nao ni heshima ya wenyeji kwako: wamekuandikia kabla hujafika.

Ukiwa tayari kuuliza, swali lako lifanyie kazi kifundi. Nakupa mfano wa kila siku. Mteja ameleta TV ya LED ya inchi 32. Kwenye grupu la WhatsApp utaona swali limeandikwa hivi: "Wakuu, TV haionyeshi, msaada tafadhali." Swali hilo halina jibu. Kwenye kundi la ufundi kichwa kingekuwa hivi: "LED inchi 32: sauti ipo, picha giza, volti ya taa za nyuma inapanda kisha inakata." Ndani yake ungeandika jina la kampuni na namba ya modeli, namba iliyochapwa kwenye bodi, kwamba ukimulika tochi kwenye kioo unaona kivuli cha picha, volti ulizopima na mahali ulipozipimia, na ulichokwisha kujaribu. Mtu aliye Canada akisoma hayo anajua bodi kuu ni nzima, kwa kuwa sauti na picha vipo, na kwamba yamkini taa moja kwenye mstari wa taa za nyuma imekata njia, volti ikapanda, ulinzi ukazima. Anaweza kukujibu kwa mistari mitatu. Nimeona maswali ya namna hii yakijibiwa na mwenye swali kabla hajalituma, maana kuliandika vizuri kulimlazimu apime.

Makundi mengi hutumia Kiingereza. Kiingereza cha kuunga kinatosha kabisa kama vipimo vipo. Volti 12 ni volti 12 kwa lugha yoyote.

Kujibu nako kuna adabu yake. Programu huweka alama ya mshale mbele ya maneno ya mwenzako ili yatofautiane na yako. Bakiza sehemu unayoijibu tu, futa mengine, kisha andika jibu lako chini yake, asomaye afuate mazungumzo kutoka juu kwenda chini. Sahihi yako isizidi mistari minne. Kama swali linahusu makundi mawili, yaandike yote mawili kwenye ujumbe mmoja ili majibu yakae pamoja. Usitume nakala mbalimbali kila mahali. Usiandike kwa herufi kubwa zote. Na ukikutana na mtu wa matusi, wapo, programu ina orodha ya kuwanyamazisha: unaliweka jina lake humo na ujumbe wake hauonekani tena kwako. Hakuna haja ya kumjibu wala kumlilia admini, maana kwenye makundi mengi admini hayupo. Makundi machache yana msimamizi anayesoma kila ujumbe kabla haujatoka. Mfano bora ni comp.risks, linalohusu hatari zinazoletwa na kompyuta, alilolisimamia Peter Neumann tangu 1985. Atakayesoma visa vyake vya mashine za hospitali na ndege hataiamini tena programu kwa kuwa tu imeandikwa vizuri kwenye kava.

Jambo moja ninalolisisitiza kuliko yote: ukifanikiwa, rudi. Andika kwenye uzi ule ule kwamba ilikuwa taa ya tatu, umebadilisha mstari mzima, TV imewaka. Kwa mtu aliyekujibu ni shukrani. Kwa mtu atakayekuja miaka sita baadaye na tatizo lako, ni dawa.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo hili kwangu. Katika Chuo Kikuu cha Toronto, mtaalamu aitwaye Henry Spencer, aliyekuwa akisimamia kompyuta za idara ya elimu ya wanyama, alihifadhi ujumbe wa Usenet kwenye tepu za sumaku kuanzia 1981 hadi 1991. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo. Tepu zile zilikuja kusomwa upya kwa jitihada za David Wiseman wa Chuo Kikuu cha Western Ontario, ujumbe zaidi ya milioni mbili ukaokolewa, na mwaka 2001 ukaunganishwa na hazina ya Google. Ndiyo maana leo tunajua watu walisema nini siku waliposikia habari za UKIMWI mara ya kwanza, au chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka.

Sasa linganisha na magrupu ya mafundi tuliyonayo. Nimo kwenye kadhaa, na nawaheshimu waliomo. Kuna vijana wa Mbeya na Mombasa wanaoijua bodi ya simu kuliko walioitengeneza. Lakini swali la taa za nyuma huulizwa Jumatatu, likajibiwa vizuri kwa sauti ya dakika nne, likafunikwa na salamu, matokeo ya mpira na picha za harusi. Alhamisi linaulizwa tena. Aliyejibu Jumatatu amechoka. Mtu akibadilisha simu bila kuhamisha mazungumzo, historia yote imekwenda. Admini akigombana na mtu, ujuzi wa mtu huyo unafukuzwa pamoja naye. Na aliye nje ya grupu hawezi kutafuta chochote kilichomo ndani. Tunayo maarifa mengi, tumeyaweka mahali yanapooza.

Kuhifadhiwa huku kuna upande wake wa tahadhari, na nisingependa kijana aingie bila kujua. Ujumbe wa Usenet hufika kwenye seva nyingi dakika ile ile, na ukishafika huna uhakika wa kuurudisha. Usiandike namba ya simu, jina la mteja, wala ugomvi wako na mwenye nyumba. Usiweke anwani yako halisi ya barua pepe, kwa kuwa wapo wanaozivuna kwa ajili ya spamu. Utaratibu unaokubalika ni kuandika anwani inayoishia na .invalid, ambayo imetengwa rasmi isitumike kweli. Wanaokuuzia huduma ya Usenet kwa fedha ili upate filamu za bure waache na biashara yao. Kwa majadiliano ya maandishi hakuna sababu ya kulipa.

Kwa atakayetaka kuanza leo: mafundi waende sci.electronics.repair, wenye maswali ya simu waende comp.mobile.android, wanaojifunza kuandika programu waende comp.lang.c au comp.lang.python, wapenzi wa lugha waende sci.lang. Baadhi ya makundi utayakuta kimya. Usikate tamaa haraka. Andika swali lenye vipimo uone. Ukimya mara nyingi ni wa watu wanaosoma kila siku na hawajaona cha kujibu.

Wajerumani wana familia yao ya makundi kwa lugha yao, inayoanza na de. Wafaransa wana fr, Waitalia wana it, Wapoland wana pl. Kiswahili kina wasemaji wengi kuliko baadhi ya lugha hizo, na kina mafundi wanaojibizana usiku kucha kwenye simu. Kuwa na mahali petu hakuhitaji ruhusa ya mtu wala fedha nyingi. Programu ya kuendeshea seva ya makundi, INN, ni ya bure, inafanya kazi kwenye Linux, na inaweza kuhudumia mtandao wa ndani wa chuo hata siku intaneti ya nje imekatika. Chuo kimoja kikianza, cha pili kinaweza kuunganisha seva yake na ya kwanza, zikapeana ujumbe kama Duke na Chapel Hill walivyofanya kwa simu ya usiku.

Naomba walimu wa kompyuta katika vyuo vya ufundi, Tanzania, Kenya na kwingine panaposemwa Kiswahili, wawape wanafunzi wao kazi hii ya mradi. Kompyuta moja iliyowekwa pembeni inatosha. Makundi matatu ya mwanzo yawe ya friji, simu na televisheni, na sisi wa mabandani tutakuja kujibu.